Jana nilimchukia mwanangu kwa dakika 10. Naomba ushauri, hukumu nimeshajipa mwenyewe

KiatuKimoja (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia mama yangu atacheka, na nikimwambia mwenzangu atasema "si wewe unayemdekeza".

Nina mtoto wa kiume, miaka 4 kasoro miezi miwili. Wale mnaosema "wangu mtundu" mkimaanisha anaruka juu ya kochi, naomba mkae pembeni kidogo. Huyu wangu alizaliwa na shughuli zake. Akiwa na mwaka na nusu alijifungia ndani na funguo zote, mimi nje naongea naye kupitia tundu la kitasa kama polisi anayebembeleza mhalifu. Akiwa na miaka 2 aliogesha simu yangu. Sijakosea kuandika: aliiogesha kwa sabuni, akaisugua, akaifunika taulo isipate baridi. Mwezi uliopita aligundua mkasi. Matokeo yako kwenye pazia la sebuleni na upande wa kushoto wa kichwa cha dada yake.

Na kuna hili la kiatu. Kila ninapojiandaa kwenda kazini, kiatu changu kimoja hakipo. Kimoja tu, cha kulia. Nimeshakikuta ndani ya foronya, kwenye mashine ya kufulia, siku moja ndani ya ndoo ya maji. Nikimuuliza ananitazama machoni bila kupepesa: "Labda kimetembea."

Sasa jana. Nina kikao asubuhi, usingizi nimelala wa saa 3, nimechelewa, kiatu hakipo. Nimeinama chini ya kitanda natafuta, mara nikasikia kimya. Wenye watoto mnakijua kile kimya. Kufika chumba cha pili, chupa nzima ya mafuta ya kupaka imemwagwa sakafuni, juu ya karatasi zangu za kazi ya wiki nzima, na bwana mkubwa anateleza juu yake kwa tumbo, anacheka peke yake.

Nilipiga ukelele ambao sikujua kama ninao. Haukuwa wa kumkanya mtoto, ulikuwa wa kumfukuza mnyama. Alirudi nyuma mpaka ukutani, macho yamemtoka. Na mimi, badala ya kumwonea huruma, nikajisikia vizuri. Hapo ndipo panaponiuma. Nilimtazama nikawaza: laiti ungekuwa wa mtu mwingine. Kama dakika 10 hivi. Nikavaa ndara, nikaondoka bila kumuaga.

Jioni nilipofungua mlango alikuja mbio, akaning'ang'ania mguu kana kwamba mimi ndiye mtu mwema kuliko wote duniani. Usiku nikakaa kitandani kwake namwangalia amelala mdomo wazi, sikio bado lina mafuta. Nililia sana.

Swali langu moja tu: mama wa kawaida huwa anafika hapo? Au kuna kitu kimeharibika ndani yangu?

---

MzeeWaZamani

Dada, hakuna kilichoharibika isipokuwa mtoto. Samaki mkunje angali mbichi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Fimbo mbili tatu tu, hicho kiatu utakikuta mlangoni kimeshapigwa rangi.

---

SikioLaKufa

Mzee, heshima yako, ila mimi hapa ndiye samaki aliyekunjwa. Nilichapwa mpaka fimbo zikachoka, utundu haukuisha. Nilichojifunza ni kuufanya kimyakimya na kukimbia haraka.

Dada KiatuKimoja, ngoja nikupe ushahidi kutoka upande wa mshtakiwa. Nilikuwa wa aina ya mwanao. Nilifungua redio ya baba nione wasemaji wanakaa wapi. Nilipanda paa na mwavuli. Nilimchora mdogo wangu masharubu kwa wino usiotoka, siku moja kabla ya picha ya familia, na picha ipo mpaka leo, kamasharubu kake kamekaa vizuri tu. Mama alikuwa ananigombeza kwa sauti iliyosikika nyumba ya tatu. Kuna maneno aliwahi kuniambia ambayo nisingependa kuyaandika.

Lakini usiku alikuwa anakuja. Akidhani nimelala, anainua shuka, anakagua miguu: hapa pamechubuka, hapa pamevimba. Anapaka dawa polepole nisiamke. Halafu anaanza kuongea na ule mguu. Si na mimi, na mguu. "Sasa wewe umempeleka wapi leo?" Nilikuwa najifanya nimelala ili asiache.

Nina miaka 41 sasa. Ukiniuliza yale matusi yalisemaje, nakumbuka mawili. Ukiniuliza kuhusu mguu, nakumbuka hata harufu ya ile dawa. Na mpaka leo nikimpigia simu, kabla ya salamu anauliza, "Umevunja nini?"

---

KiatuKimoja (mleta uzi)

SikioLaKufa, umeniliza nikiwa kwenye foleni, watu wananiangalia.

---

Karatasi na Kalamu

Mleta mada, nikujibu swali lako kama lilivyo: ndiyo, mama wa kawaida anafika hapo, na jambo hili limeshaandikwa na mtu mzito. Donald Winnicott alikuwa daktari wa watoto huko Uingereza, baadaye akawa pia mchambuzi wa nafsi. Mwaka 1949 alichapisha makala yenye orodha ya sababu 18 kwa nini mama humchukia mtoto wake tangu siku ya kwanza. Hakuwa anazungumzia mama wagonjwa au wakatili, bali mama wa kawaida anayempenda mwanawe.

Orodha yenyewe ina ukweli unaochekesha. Kwamba mtoto humfanya mama mtumishi asiye na mshahara. Kwamba akilishwa na mama anakataa, akifika kwa shangazi anakula vizuri. Ninayoipenda zaidi ni ile ya asubuhi mbaya: mtoto amekutesa tangu alfajiri, mnatoka nje, anamchekea mtu msiyemjua, na huyo mtu anakwambia, "Jamani, katoto katamu haka!"

Hoja yake haikuwa kwamba chuki hiyo ni nzuri. Alisema mama anaweza kumchukia mtoto, akaivumilia chuki hiyo ndani yake, na bado asimlipizie mtoto. Kwa maneno mengine, dada yangu, kile ulichokifanya kitandani usiku kinahesabika pia. Wewe umezihesabu dakika 10 za asubuhi tu.

---

Mpita Njia 3

Nakaa hapa kusoma komenti. Wangu ana miaka 3, jana kamwaga maji kwenye router "ili intaneti inywe".

---

ChembeHai

Niongeze kidogo kwa upande wa sayansi. Mnajua kwamba mtoto huwa haondoki kabisa mwilini mwa mama? Wakati wa ujauzito baadhi ya chembe hai (seli) za mtoto huvuka kondo la nyuma na kuingia kwenye damu ya mama, na nyingine hubaki humo. Mwaka 1996 kikundi cha Diana Bianchi huko Marekani kilikuta chembe za kiume kwenye damu ya mwanamke ambaye alikuwa amejifungua mtoto wa kiume miaka 27 kabla. Miaka 27! Mtoto keshakuwa mtu mzima na wewe bado unatembea naye. Ndiyo maana upendo wa mama hauishi.

---

MamaWaPili

ChembeHai, habari ya hizo chembe ni tamu, ila hapo kwenye "ndiyo maana" umeruka mto bila daraja. Mimi wangu sikumzaa. Nilimpokea akiwa na miezi 14, damu yangu haina chembe yake hata moja.

Wiki ya kwanza alining'ata bega mpaka pakatoka damu. Mwezi wa pili alitupa pete yangu chooni na kuvuta maji, huku ananiangalia usoni. Kila siku jambo jipya, na kila baada ya jambo anasimama kusubiri. Ilinichukua muda kuelewa anasubiri nini. Alikuwa anasubiri nimrudishe alikotoka.

Sasa ana miaka 9. Bado ana vituko, ila hasubiri tena. Akivunja kitu anakuja mwenyewe na vipande mkononi. Kwa hiyo tusiweke upendo kwenye damu peke yake, tutawaacha wengi nje ya mlango.

---

ChembeHai

Umenipiga bao la haki, mama. Nimekubali.

---

MzeeWaZamani

Naona mmegeuza uzi kuwa msiba. Kuna mtu hapa ametaja kwamba mtoto anadanganya? "Kimetembea"? Uongo kwenye miaka 4! Huyo akifika 14 mtamwona gazetini. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

---

Mwalimu wa Wadogo

Shikamoo Mzee. Nafundisha wa umri huo mwaka wa 16 huu, naomba nitetee uongo kidogo.

Kuna mwanasaikolojia wa Toronto, Kang Lee, ambaye yeye na wenzake wamewachezesha watoto mchezo mmoja kwa miaka mingi. Mtoto anakaa, mwanasesere anawekwa nyuma yake, anaambiwa asigeuke, mtu mzima anatoka. Wengi wanageuka. Mtu mzima akirudi anauliza: uligeuka? Wa miaka 2, wengi wanakiri. Wa miaka 4, wengi wanakana bila aibu. Maana yake ni kwamba ameshajua kuwa kichwa changu na chako ni viwili tofauti, na ninachokijua mimi wewe unaweza usikijue. Hiyo ni hatua ya akili. Adabu ya kusema kweli tunamjengea juu yake, ila kwanza akili ije.

Na kuhusu fimbo: mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti 75 zilizohusu watoto zaidi ya 160,000. Kadiri mtoto anavyochapwa makofi, ndivyo ukaidi na ugomvi vinavyoonekana zaidi. Tafiti za aina hiyo hazithibitishi moja kwa moja kwamba kofi ndilo chanzo, nakubali. Lakini ule utii tulioahidiwa haukuonekana.

Mleta mada, nina swali moja, jibu bila kufikiri sana: Jumamosi na Jumapili kiatu kinafichwa?

---

KiatuKimoja (mleta uzi)

Hapana.

Subiri. Hapana kabisa. Na nilipokuwa likizo wiki mbili, hakikufichwa hata siku moja.

---

Mwalimu wa Wadogo

Mtu mwenye kiatu kimoja haendi kazini.

---

SikioLaKufa

Aisee.

---

MamaWaPili

Nimeweka simu chini, nimezunguka chumba, nimerudi.

---

Mwalimu wa Wadogo

Sikutaka kukuumiza. Nimeiona mara nyingi: mmoja alikuwa anamwaga maji kwenye begi la mama yake, mwingine anajifanya tumbo linauma. Hawajui kusema "usiende", na hata wakisema hatuna la kuwajibu.

Mary Ainsworth, aliyefuatilia mama na watoto nchini Uganda miaka ya 1950 kabla ya kufanya kazi hiyo Marekani, alibuni jaribio ambalo mama anatoka chumbani kwa muda mfupi, mtoto anabaki, kisha mama anarudi. Wengi wakilisikia wanadhani alikuwa anahesabu machozi ya mtoto pale mama anapotoka. Alichokitazama zaidi ni mlango unapofunguliwa tena: mtoto anamkimbilia? Anatulia mikononi mwake na kurudi kucheza? Sasa soma ulichoandika mwenyewe. Umemkemea asubuhi, umeondoka bila kuaga, jioni kaja mbio kukushika mguu. Mtoto asiye na imani na mama yake kwa kawaida hafanyi hivyo.

Ushauri wangu wa kazi: usitoroke. Wengi wanatoroka ili asilie, matokeo yake mtoto anakaa macho kila asubuhi kama mlinzi. Muage, mwambie unarudi wakati gani kwa lugha yake, si saa 11, sema "ukishaamka usingizi wa mchana na kucheza". Halafu mpe cheo. Mteue mtunza kiatu. Ndiye atakayekuletea asubuhi, ndiye atakayekipokea jioni.

---

Sindano

Naingilia kwa haraka, mimi ni muuguzi. Kwa nyumba zenye watoto wa aina hii: angalieni zile betri ndogo za duara, bapa kama kifungo, zilizomo kwenye rimoti, saa na midoli inayoimba. Akimeza na ikakwama kwenye umio (njia ya chakula) inaanza kuunguza, na ndani ya saa 2 tu inaweza kuwa imeleta jeraha baya. Msimtapishe, msisubiri kuona itatokaje, kimbieni hospitali. Kifuniko cha betri kiwe na skrubu, au gundisheni kwa utepe imara. Pia dawa ziwe juu na zimefungwa, maana wengine wanaanza kwa kupanda kiti. Utundu mwingine tucheke, huu hapana. Samahani kwa kukatiza, endeleeni.

---

Bibi Maua

Wanangu, nimesoma uzi wote miwani ikiwa puani. Mimi nimelea saba, na mmoja kati ya hao saba alikuwa saba peke yake.

Hamkutaja neno moja ambalo sisi tulilitumia. Tulikuwa tunasema "kumrudi mtoto". Siku hizi mnasema kumwadhibu, kumnyoosha, kumkomesha. Sisi tulisema kumrudi. Mtoto amepotoka njia, wewe unamrudi, yaani unamrejesha njiani. Nilipokuwa mama mdogo nilidhani kazi inaishia hapo. Nilikuwa hodari wa kurudi, majirani wananisifu. Yule saba-peke-yake akawa haniangalii usoni.

Mama mkwe wangu, mtu mkali sana, hakuwa na maneno mengi, siku moja akanikuta nimekaa nje nimekasirika, mtoto yuko ndani amelia mpaka amechoka. Akaniambia, "Umeshamrudi. Sasa mrudie." Akaingia zake ndani.

Irabu moja tu imeongezeka. Nilikaa pale muda mrefu naona haya. Kisha nikaingia nikakaa karibu naye sakafuni. Sikusema samahani, enzi zetu mzazi hakuomba samahani, na hilo nalo lilikuwa kosa letu. Nilikaa tu. Baadaye akaweka mguu wake juu ya wangu.

MzeeWaZamani, mdogo wangu, hizo methali zako ni za kweli. Lakini aliyesema uchungu wa mwana aujuaye mzazi naye alikuwa mzee wa zamani.

---

Karatasi na Kalamu

Bibi, shikamoo. Kuna watu walifika ulipofika mama mkwe wako kwa kutumia kamera na maabara. Mtafiti Edward Tronick alirekodi mama na watoto wachanga wakicheza, akatazama picha kipande kwa kipande. Tunadhani mama mwema na mwanawe wanapatana muda wote. Alikuta wanapatana karibu theluthi moja tu ya muda. Uliobaki wanapishana: huyu anacheka yule kageuka, huyu anataka kulala yule anataka mchezo. Kinachomjenga mtoto ni kule kutafutana tena baada ya kupishana, mara nyingi kwa siku, mpaka mwili wake uamini kwamba mkikosana mtapatana.

---

MzeeWaZamani

Shikamoo dada Bibi Maua. Sijabadili msimamo wangu kuhusu fimbo, watoto wa siku hizi mtakuja kuniambia.

Ila nina la kuuliza. Mtu akiwa ameshamrudi mtoto miaka mingi iliyopita, na mtoto sasa ni mtu mzima ana kwake, kumrudia bado kunawezekana?

---

Bibi Maua

Ana simu?

---

MzeeWaZamani

Anayo.

---

Bibi Maua

Basi unafanya nini hapa na sisi?

---

KiatuKimoja (mleta uzi)

Wakuu, narudi kutoa mrejesho, ni siku ya nne.

Jioni ile ile niliyosoma komenti ya Mwalimu nilikaa naye sakafuni. Nikamwambia, "Juzi mama alipiga kelele kubwa sana. Ulikosea kumwaga mafuta, na mama alikosea kupiga kelele vile." Akafikiri. Akasema, "Wewe ulikosea zaidi." Nikasema sawa. Akaniuliza kama anaweza kumwaga tena kidogo. Nikasema hapana. Tukamaliza.

Nimemteua mtunza kiatu. Siku ya kwanza alikitunza vizuri mno, akakataa kukitoa kwa sababu "bado kimelala". Siku ya pili alikileta, ila ndani yake aliweka gari dogo, kijiko na mswaki wa dada yake. Jana nilimuaga vizuri akalia kwa nguvu, nikasimama kwenye ngazi kama mwizi, nasikiliza. Alinyamaza baada ya dakika 3 nikasikia anamwambia dada yake, "Atakuja nikishaamka." Bado ananichosha. Juzi amebandika stika kwenye kioo chote cha kabati, mpaka sasa najiona vipande vipande. Na nilipandisha sauti tena, sitadanganya. Safari hii haikufika dakika 10.

Leo asubuhi viatu vyote viwili vilikuwa mlangoni, vimepangwa, ncha zinatazama nje. Nilisimama pale nikivitazama kama mjinga, badala ya kufurahi koo likanibana. Nikavaa, nikaaga, nikaondoka.

Saa hizi niko kazini. Nimefungua mkoba kutafuta kalamu. Kuna soksi yake moja. Ya kulia.

---

SikioLaKufa

Piga simu nyumbani umuulize imefikaje huko.

---

KiatuKimoja (mleta uzi)

Nimepiga. Anasema labda imetembea.